Leseni ya Marehemu

Kitendawili. Sema "tega", hata kama umekaa peke yako na kikombe chako, maana kitendawili kisichoitikiwa hudoda. Nyumba yangu ina milango miwili: wa nyuma ni wa watu wote, wa mbele hupitwa na asiyerudi.

Umeshindwa? Nipe mji. Sitaki Tabora wala Lamu. Nipe Clegworth, mji wa mawe meusi na mvua katika vilima vya Lancashire, maana jibu liko huko. Ni nyumba yoyote ya mtaa wa Albion. Jirani wa huko akija kukuona atazunguka uchochoroni, apite uani chini ya kamba za nguo, aingie jikoni akisema "Ni mimi tu," na birika litakuwa limeshawashwa kabla hajavuta kiti. Mlango wa mbele husuguliwa kizingiti kila Ijumaa, hupakwa rangi kila mwaka wa tatu, na haufunguliwi. Unamngoja daktari, polisi, bibi harusi na jeneza. Ukibishwa, watu wa ndani huangaliana kwanza.

Edna Sugden aliupita mlango wa mbele wa nyumba namba kumi na tisa siku alipoolewa na Wilf, viatu vyeupe mkononi kwa sababu ya matope. Hakuupita tena miaka arobaini na sita. Wilf naye alijua atautumia siku moja, na akitaniwa juu ya uzito wake alikuwa akisema, "Msijali, mlango ni mpana. Niliupima kabla ya kununua nyumba."

Mapafu ndiyo yaliyommaliza. Alikuwa mtu wa kiwanda cha nguo tangu ujana, na vumbi la pamba halimsahau mtu. Mwaka wa mwisho hakuweza kupanda ngazi, basi kitanda cha hospitali kikawekwa sebule ya mbele, mtungi wa oksijeni pembeni, na televisheni miguuni pake. Alipenda snuka, ule mchezo wa kugonga mipira mezani kwa fimbo. Alitazama watu wale wenye vizibao wakizunguka meza ya kijani tangu asubuhi hadi taa za barabarani zikawaka, naye haonekani kuchoka. Alisema ni mchezo pekee ambao mtu analipwa kwa kufikiri.

Nyumba yenye televisheni inayopokea matangazo lazima iwe na leseni. Huko hata mtoto anajua. Ya nyumba hiyo ilikuwa kwa jina la Bwana W. Sugden, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiilipa, mwaka mzima kwa mkupuo, kisha huja jikoni akisugua viganja: "Haya, mke wangu. Tumenunua mwaka mwingine."

Mwaka ule barua ya kulipia upya iliingia kwenye tundu la mlango wa mbele wiki ileile daktari aliyomwita Edna kando na kumwambia kwamba Wilf hataiona Krismasi. Edna aliisoma amesimama ukumbini. Pesa zilikuwepo, tena zimewekwa tayari kwenye kopo la biskuti kwa mkono wa Wilf, zimefungwa kwa mpira. Hakupungukiwa na kitu. Ila kila aliponyoosha mkono kulifungua kopo lile, aliisikia ile kauli: tumenunua mwaka mwingine. Mtu mwenye wiki sita umnunulie mwaka? Na usipomnunulia, ndiyo umemkatia tamaa kwa mkono wako. Aliichomeka barua nyuma ya saa ya mezani. Ya pili ikaja na maandishi mekundu, ikaenda nyuma ya saa. Ya tatu vilevile, hadi saa ikaanza kuinama mbele kama mtu anayesikiliza.

Kuzima nako hakuweza. Ungemzimia vipi mtu kitu pekee kilichobaki kumsemesha mkewe akiwa anapika na kufua?

Siku moja Wilf aliivuta barakoa ya oksijeni chini ya kidevu akamwuliza kama ile ya televisheni amelipa. Edna alikuwa akimkunjia blanketi miguuni.

"Nimelipa," alisema.

Wilf akafumba macho, akasema yeye hakuoa vibaya.

Alikufa Jumanne ya Novemba, asubuhi, snuka ikiendelea. Watu wa hospitali wakachukua kitanda na mtungi. Hakuna aliyeizima televisheni. Edna aliondoa sauti tu.

Siku hiyohiyo akaja dada yake, Thelma Ogden, na mkoba mmoja wa nguo na miwili ya sufuria. Thelma alikuwa amemzidi Edna miaka sita. Hakuolewa, na hakulalamika. Alikuwa mtunza funguo wa kanisa dogo la Kimethodisti la barabara ya Mill Brow, miaka thelathini na mmoja. Yeye ndiye aliyefungua Jumapili, yeye ndiye aliyehesabu sadaka na kuandika jumla kwa penseli, na katika miaka yote hiyo penseli haikufutwa hata mara moja. Funguo zile alizivaa shingoni kwa utepe, ndani ya blauzi, na ukimkumbatia zilikuchoma. Edna alikuwa amechomwa nazo tangu ujana, na siku ile ya Jumanne ndipo alipolia, ziliposhindilia kifuani.

Thelma aliishika nyumba. Alichemsha paja zima la nguruwe kwa ajili ya mazishi, maana Clegworth mtu asipozikwa kwa nyama ya nguruwe na haradali watu husema huyo hakuzikwa, alifukiwa tu. Alimwambia Edna asiingie jikoni. "Wewe kazi yako ni kufiwa," alisema. "Kila mtu na kazi yake."

Wilf alikuwa aletwe nyumbani na watu wa mazishi Jumapili saa kumi alasiri, alale sebule ya mbele usiku mmoja, atoke Jumatatu. Thelma alipanga viti ukutani, akafuta vumbi, akaitazama ile televisheni inayowaka bila sauti, akafikiri jeneza litakaa wapi.

Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, mlango wa mbele ukabishwa.

Edna alikuwa juu chumbani na suti ya Wilf kitandani, anachagua tai. Alimwona mtu kutoka dirishani: koti jeusi, jalada kwapani, viatu vimepigwa kiwi. Alidhani ni mtu wa mazishi amefuata ile suti. Na Thelma, aliyefuta mikono kwenye aproni na kwenda kuung'ang'ania ule mlango hadi ukaachia, naye alidhani hivyohivyo. Ungemdhania nani mwingine? Mtu wa koti jeusi, mlango wa mbele, nyumba ya msiba.

Alisema amekuja kuhusu Bwana Wilfred Sugden. Thelma akamwambia karibu, mwanangu, tulikuwa tunakungoja. Yule mtu alionekana kushangaa, kwa kuwa katika kazi yake hakuwahi kungojwa na mtu. Alionyesha kitambulisho kilichoning'inia shingoni, akasema ametoka ofisi ya leseni. Thelma hakuwa na miwani, lakini alisikia vizuri. Wiki nzima ile alikuwa ametia sahihi karatasi ya daktari, ya msajili wa vifo, ya makaburi, ya maua. Alimwelekeza kitini akisema kweli dunia imekwisha, siku hizi hata wafu wana leseni. Yule mtu akacheka kidogo, kwa adabu, bila kuelewa. Akaletewa chai na mkate wenye nyama.

Edna alitoka chumbani na tai ya buluu mkononi, akafika juu ya ngazi. Hapo akamsikia yule mtu akiuliza kama televisheni ile inafanya kazi.

"Inafanya," Thelma alisema. "Haizimwi."

Akauliza kama inatazamwa kila siku.

"Kila siku ya Mungu, tangu asubuhi. Kwani ndiyo itatuzuilia?"

Alidhani anaulizwa ili ajue kama kitu kile kiondolewe kupisha jeneza. Yule mtu aliandika. Kisha akasoma maneno fulani kwa haraka, kama sala ya mtu mwenye njaa: kwamba hana wajibu wa kusema lolote, kwamba atakalosema litaandikwa. Thelma akamshukuru. Yule mtu akauliza kama yeye ndiye mtu wa nyumba. Thelma akasema ndiye, kwa sasa yeye ndiye, mwingine hajiwezi. Mgeni akauliza Bwana Sugden mwenyewe yuko wapi.

"Atafika saa kumi," Thelma alisema. "Kesho. Mlango unautazama? Usijali, aliupima mwenyewe."

Juu ya ngazi Edna alikuwa ameshaelewa. Alielewa aliposikia neno televisheni tu. Zilikuwa ngazi kumi na tatu. Angeshuka tatu akasema, dada, ngoja, huyu ni mgeni wangu. Alizitazama. Aliona kiatu cha yule mtu kikichezacheza kwenye zulia, akaona mkono wa dada yake ukipokea kalamu. Kama angeshuka, mambo yote yangesemwa palepale: kwamba hakulipa, kwamba alimdanganya mtu anayekufa akafa ameamini. Alirudi nyuma hatua moja, ubao ukalia, akasimama. Kalamu ikakwaruza. Baadaye aliposhuka, Thelma alikuwa anakusanya kikombe. Alisema yule kijana alikuwa na adabu, ila kula hali, amebakisha nusu.

Edna akasema ahsante, dada.

Walimzika Wilf Jumatatu, mvua ikinyesha ya kwenda pembeni, na watu walisifu nyama.

Januari ikaja bahasha ya kahawia yenye muhuri wa mahakama. Ilikuwa na jina la Bibi T. Ogden, nyumba namba kumi na tisa, mtaa wa Albion. Edna aliifungulia juu ya sinki. Ilisema kwamba Thelma Ogden anashtakiwa kutumia televisheni bila leseni. Kwamba ana siku ishirini na moja. Kwamba achague mraba mmoja kati ya miwili, nina hatia au sina hatia, airudishe karatasi. Asiporudisha, hakimu mmoja ataisoma karatasi yake ofisini, bila mtu wa kusimama wala wa kumsemea, na kuamua.

Alitaka kumpa. Ninasema hivi kwa kuwa ni kweli, na mtu asisemewe ubaya kupita ubaya wake. Jumatano ile Thelma alipoingia kwa mlango wa nyuma akisema "Ni mimi tu," bahasha ilikuwa mfukoni mwa aproni ya Edna. Thelma aliketi, akatoa funguo zake shingoni akaziweka mezani kama alivyozoea akinywa chai, akaeleza jinsi bomba la kanisa lilivyopasuka kwa baridi. Edna alimjazia kikombe. Alijua akiitoa bahasha ile swali litakuwa moja. Si la faini, si la hakimu. Thelma atasema, wewe ulijua? Wiki ya pili hakuitoa. Ya tatu ikapita. Alisema moyoni kwamba labda watasahau, serikali ina watu wengi.

Hawakusahau. Februari ilikuja karatasi kwamba Thelma Ogden amepatikana na hatia. Edna akaiweka nyuma ya saa.

Machi, siku ya jua la kwanza, Edna alikuwa uani anaanika mashuka, kibanio kimoja mdomoni, na Thelma ndani anamenya viazi. Tarishi akapita. Tundu la mlango wa mbele likapiga kofi. Thelma, mtu asiyeweza kuacha kitu sakafuni, alikwenda kuokota.

Alikaa huko muda. Edna alimsikia akifungua mtoto wa meza ukumbini, anatafuta miwani. Kisha akatoka hadi mlango wa jikoni na karatasi mkononi. Uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa uso wa mtu aliyehesabu sadaka mara mbili na kupata jumla mbili.

Alisema polepole kwamba hapa wameandika yeye ni mhalifu. Wameandika walimpelekea barua mara mbili akanyamaza. Wamesema asipolipa watatuma watu wa mahakama kuchukua vitu. Halafu akaigeuza karatasi kana kwamba jibu liko nyuma.

"Yule mtu wa koti," alisema. "Niliyemkatia nyama. Siku ile, Edna, wewe ulijua kwamba haijalipiwa?"

Edna alikuwa na shuka lililolowa mikononi, maji yanamchirizika viwikoni. Kibanio kilikuwa mdomoni. Angeweza kukitoa. Thelma alingoja, na alijua kungoja. Aliwahi kungoja mhubiri saa mbili katika theluji. Shuka likapepea likawaziba, na liliporudi chini Thelma hakuwepo.

Alitoka kwa mlango wa mbele. Edna alimsikia akiung'ang'ania. Aliuvuta hadi ukaachia, akautoka, akaufunga nyuma yake vizuri, kama mtu anayeheshimu nyumba ya watu baki. Viazi vilibaki nusu majini.

Jumapili iliyofuata kanisa la Mill Brow lilifunguliwa na mtu mwingine. Jirani mmoja, Brenda Catlow, aliyejua ya kila mtu kabla ya mwenyewe, aliingia jikoni kwa Edna akisema ni yeye tu, na kabla ya chai akaeleza kwamba Thelma alizirudisha funguo mbele ya wazee wote, utepe na kila kitu. Walimwambia si kitu, mbona watu wengi wanapata barua hizo. Akawaambia mtu aliyehukumiwa hashiki sadaka. Walibishana naye, akaziweka juu ya meza ya Bwana akaenda zake.

"Kiburi kile," Brenda alisema. "Kwa ajili ya televisheni. Mimi ningekuwa nimefungwa mara nne." Kisha akamtazama Edna. "Halafu nasikia mwenye televisheni ni wewe."

Edna akasema ana nguo za kunyoosha.

Thelma hakuja Jumatano ile wala iliyofuata. Edna alikwenda kwake, akazunguka uchochoroni kama kawaida, akakuta mlango wa uani umefungwa kwa komeo kwa ndani. Tangu wazaliwe hakuwahi kuona komeo lile limeingizwa. Hakuwa na ujasiri wa kuzunguka mbele na kubisha.

Aprili akapigiwa simu na mwanamke wa ofisi ya ushauri wa sheria wa bure iliyo juu ya duka la viatu, jina lake Shabnam Mirza. Alisema Bibi Ogden hajui kwamba anapiga. Edna akapanda basi. Shabnam alikuwa mtu mzima, mjukuu wa wafumaji wa kiwanda kilekile cha Wilf, mtandio mabegani, meza imejaa karatasi za watu. Alimpa kiti, akampa chai ya maziwa mengi, akaeleza bila kupunguza wala kuongeza.

Dada yake ameapa mbele ya hakimu kwamba barua hazikumfikia, kwa hiyo hukumu ile ya karatasi imefutwa na kesi inaanza upya, safari hii katika chumba cha mahakama, mbele ya watu. Amesema hana hatia. Kisha Shabnam akahesabu kwa vidole. Mtu yule wa leseni hana haki ya kuvuka kizingiti cha mtu bila kukaribishwa, ila awe na hati ya hakimu. Mwenye nyumba halazimiki kumfungulia, kumjibu, wala kumtilia sahihi. Angeweza kumwambia kwaheri na kufunga mlango. Hayo yote yalikuwa haki zake Thelma, na alizitoa pamoja na mkate.

"Kwa nini hakufunga?" Edna aliuliza, ingawa alijua.

"Kwa sababu alikuja mlango wa mbele, mama. Kwetu pia mtaa wa Grange ni hivyohivyo. Marehemu baba yangu alitoka kwa huo."

Kidole kingine. Kuwa na televisheni ndani si kosa; kuitumia kupokea matangazo bila leseni ndilo kosa. Nalo si la jina lililoandikwa kwenye barua, ni la anayeitumia. Karatasi ile yenye sahihi inasema Thelma ndiye mtu wa nyumba na anaitazama kila siku. Mahakama itaiamini karatasi, mpaka atokee mtu wa kuieleza nyumba ile ilikuwa ya nani na nani aliwasha.

"Hataki nikuite," Shabnam alisema. "Amesema hatamwomba mtu lililo wajibu wake. Na mimi siwezi kukushauri wewe, mimi ni wa kwake. Ukisimama pale unaweza ukatoka na kesi yako mwenyewe. Nakuambia saa na mahali tu. Jumanne ijayo, saa nne asubuhi."

Edna alishuka ngazi za duka la viatu akizihesabu. Zilikuwa kumi na tano.

Jumanne alivaa koti la mazishi, kwa kuwa ndilo lililokuwa safi. Alipofungua mlango wa nyuma alisimama, akarudi, akaenda ukumbini, akautoka mlango wa mbele. Mtaa mzima ulimwona. Mapazia yakatikisika.

Mahakamani aliwaambia watu wa mlangoni kwamba yeye ni Bibi Sugden, amekuja kutoa ushahidi. Ndani Thelma alikuwa amekaa na Shabnam, mgongo wima, kola ya blauzi imefungwa hadi juu, na hapakuwa na utepe. Hakumtazama. Mahakimu walikuwa watatu. Wa katikati mwanamke mnene mwenye mafua. Chini yao aliketi karani wa sheria, kijana mwenye sauti ya upole. Mwendesha mashtaka alikuwa na mafaili arobaini kama lile na hakutaka lolote kati yake lizidi dakika kumi.

Mtu wa koti aliitwa kwanza. Bila koti alikuwa mtu wa kawaida tu, mwenye haya. Alisoma karatasi yake. Alisema alipokewa vizuri kupita alivyowahi kupokewa popote, akala. Alisema alimwuliza Bwana Sugden yuko wapi, akajibiwa atafika saa kumi.

Hakimu mwanamke akapenga kamasi, akamgeukia Thelma. Alitaka kujua alimaanisha nini, iwapo mtu mwenyewe alikuwa amefariki.

"Jeneza, bibi mheshimiwa," Thelma alisema. "Jeneza ndilo lililokuwa linafika saa kumi."

Hakuna aliyecheka. Mtu wa koti alitazama viatu vyake. Mwendesha mashtaka akasema pole za dhati kwa familia, lakini sheria haiulizi msiba. Sahihi ni sahihi. Na mwenye nyumba anayesemwa, huyo Bibi Sugden, siku ile alikuwepo ndani, hakushuka, hakuandika barua, miezi mitano hakutamka neno. Ni rahisi leo kuja kumfunika dada.

Edna akaitwa. Aliapa kwa kushika Biblia ambayo ilikuwa nyepesi kuliko alivyotegemea. Alitaja jina lake na nyumba yake. Mwendesha mashtaka akasimama, hakuinua sauti.

"Bibi Sugden, tuseme televisheni ni yako. Siku ile mtu huyu alipokuja, ulijua kwamba nyumba haina leseni?"

Karani wa sheria aliinua mkono. Alimweleza taratibu, akimtazama machoni kama mtu anayemvusha mzee barabara, kwamba swali hili halazimiki kulijibu. Jibu lake laweza kutumika kumshtaki yeye. Hiyo ni haki yake na hakuna atakayemlaumu. Je, ameelewa?

Edna alisema ameelewa.

Alikuwa amepewa kwa sheria kile alichokuwa akijipa mwenyewe tangu Novemba: ruhusa ya kunyamaza. Alimfikiria Wilf na barakoa chini ya kidevu. Alifikiria saa ya mezani ilivyoinama. Hakimu akasogeza kalamu, kwamba basi, aketi.

Ndipo Thelma akageuza kichwa. Hakugeuka mwili, kichwa tu, kama mtu aliyesikia ubao ukilia ghorofani. Alimtazama mdogo wake kwa mara ya kwanza tangu siku ya mashuka, akangoja.

Edna hakumjibu mwendesha mashtaka wala hakimu.

"Nilijua, dada," alisema. "Nilikuwa nimesimama juu ya ngazi."